Saa, Ndizi na Presha ya Mama

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuuacha upepo wa bahari huko nje mkaja kukaa humu ndani na feni mbili, moja yenyewe yasuasua.

Mimi ni fundi wa saa. Kimeza changu kiko karibu na Digo Road, hapa Mombasa, kwa miaka mingi sasa. Nilianza na saa za kutia ufunguo, zikaja za betri, na siku hizi naletewa hizi zinazoitwa saa janja. Nimeombwa nizungumzie swali moja tu: mtu anunue au asinunue? Swali hili naulizwa karibu kila siku, na aghalabu anayeuliza keshanunua. Anataka nimwambie amefanya vyema.

Sasa tazameni hapa. Hii ni ndizi. Nimeinunua Markiti asubuhi, na ni ndizi kisukari, nimeichagua makusudi. Hii nayo ni saa janja, ya zile zinazouzwa mkononi barabarani, mkanda nimeufunga mpaka tundu la mwisho. Nabonyeza. Subirini kidogo. Haya, wewe kijana wa mbele, isomee hadhira. Mapigo ya moyo 78. Oksijeni 98. Presha 118 kwa 76. Mashallah, ndizi hii ina afya kuliko mimi.

Mwacheka, lakini nataka tuwe waadilifu. Geuzeni saa zenu mtazame mgongoni: mna taa ndogo za kijani. Damu hunywa mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye mishipa ya mkono, mwanga unaorudi unapungua, na kihisi kinahesabu hayo mawimbi. Ndiyo siri yote. Basi hata saa nzuri ya bei kali yaweza kudanganywa na kitu kisicho na uhai ikiwa kinarudisha mwanga. Kwa mapigo, siilaumu sana hii saa ya ndizi.

Presha ndiyo naikasirikia. Mashine ya hospitali hukukaba mkono kwa mfuko wa hewa mpaka damu isimame, kisha huachia polepole. Lazima kitu kikamuliwe ndipo nguvu ya damu ijulikane. Taa haikamui chochote. Zipo saa chache zilizofanya kazi ya kweli. Omron walitoa moja ambayo mkanda wake wenyewe hujaa hewa. Samsung nao wana njia yao, lakini wanakutaka uisawazishe na mashine ya mkono kila baada ya siku 28. Kwa hivyo hata ukiwa na saa hiyo, mashine ya mkono bado waihitaji. Saa ya bei rahisi inayokupa presha kwa taa peke yake, bila kuomba usawazishaji wowote, yakupa namba ya kukufurahisha tu.

Na sukari? Hapo nawaomba mama zangu mnisikilize vizuri. Mwezi wa Februari 2024, FDA, wakaguzi wa dawa na vifaa vya tiba kule Marekani, walitoa onyo: hawajaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Kuna vihisi vya kubandika mkononi vyenye kisindano chembamba kinachoingia ndani ya ngozi, na hivyo vyaweza kutuma namba zikaonekana kwenye saa. Hapo saa ni dirisha tu. Aliyepima ni kisindano.

Nayasema haya kwa sababu ya bi mkubwa mmoja aliyekuja kwangu. Mwanawe yuko Ghuba, akamtumia saa ya kupima sukari, kwa mapenzi kabisa. Mama ikamtua moyoni. Akaacha kujitoboa kidole, kwani saa kila asubuhi yasema 5 na kitu, yaani sukari iko sawa. Ala mahamri, saa yasema 5 na kitu. Ala haluwa ya arusi, 5 na kitu. Alikuja kwangu kubadilisha mkanda tu. Nikamwomba aivue, nikaivaa mimi, ikasema 5 na kitu. Nikaifunga kwenye mpini wa bisibisi, ile ile. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, sasa nimwambie nini?" Swali hilo mpaka leo sina jawabu lake. Nilichomwambia ni arudi kliniki kesho yake, na saa aivae kwa kujua saa.

Hata kwa kujua saa, lakini, hizi zina vituko. Yaonyesha 8:00, nasi twasema saa mbili. Ujanja wote ule na Kiswahili hazijakijua.

Jambo jingine ni la oksijeni. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu vile vibanio vya kidoleni vya hospitali: upungufu wa oksijeni ulifichika kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Hivyo ni vifaa vya hospitali, vinavyobana kidole kilichotulia. Basi ile 98 ya mkononi, ukiwa ndani ya matatu inayoruka matuta, msiiwekee nadhiri.

Msidhani nimekuja kuzitukana. Kwenye mapigo ya moyo, saa nzuri zinajitahidi. Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017 kilijaribu saba. Sita zilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5. Lakini kwenye kalori, mwenzangu, iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Kwa hivyo saa ikikwambia umechoma kalori za kutosha sahani ya biriani, hiyo ni kati yako na Mola wako.

Kuna na moyo unaokwenda mrama, unaopiga bila mpango, jambo ambalo laweza kuleta kiharusi. Hapa saa zina kazi ya maana. Utafiti uliochapishwa 2019 uliwafuata watu zaidi ya 400,000 waliovaa Apple Watch, na waliopata onyo walikuwa kama nusu ya asilimia moja. Onyo halikuwa hukumu, wengine walipopimwa baadaye hawakuonekana na kitu. Lakini mtu ambaye babake alipata kiharusi, na ambaye akionywa atakwenda kwa daktari kweli, huyo simkatazi.

Naye nani mwingine? Mimi nina jirani asiyesikia. Mkewe anapompigia simu, saa humtikisa mkono, na humwamsha alfajiri. Kwake si pambo. Nina mteja avukaye Likoni kila siku, asubuhi na jioni, kwenye ule msongamano wa feri. Hutazama mkononi nani anapiga, simu imetulia ndani ya mfuko wenye zipu. Hiyo ni akili. Ila akiingia matatu, mkono asiuweke dirishani.

Wale wa kuhesabu hatua, mnaotembea Mama Ngina asubuhi, simu mliyo nayo mfukoni tayari yahesabu bila malipo. Itumieni mwezi mzima kwanza. Mwezi ukiisha hamjaitazama, saa nayo mtaitazama wiki mbili tu, kisha itakuja kwangu kuuzwa. Nina droo nzima. Na zile hatua 10,000 msizibebe kama faradhi. Zilianzia Japani mwaka 1965, kwenye tangazo la kifaa cha kuhesabia hatua.

Nimalizie ya kifundi, haraka haraka. Kwanza simu yako ni ipi? Apple Watch haifanyi kazi bila iPhone. Samsung za kuanzia 2021 haziungani na iPhone. Jamaa akikununulia ughaibuni, mwambie jina la simu yako kabla hajalipa, au utakuwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena kwa mapenzi. Pili, chaji. Kwa miaka mingi Apple wenyewe waliahidi saa 18 tu, wakati zipo nyingine zinazokaa wiki na zaidi. Stima ikipotea usiku Kisauni, utajua tofauti. Tatu, maji. Kuandikwa mita 50 si ruhusa ya kuzama mita 50. Ni nguvu ya maji yaliyotulia kwenye maabara. Na chumvi yetu haina huruma. Ukitoka baharini Nyali, isuuze kwa maji baridi ya mfereji. Zinazokuja kwangu zimekufa, nyingi naona chumvi imeganda kwenye vitufe na pale pa kuchajia.

Naam, mkono ule nyuma. Anauliza, kama nina pesa ya kitu kimoja tu kwa ajili ya mama mwenye presha? Mnunulie mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Haiendi arusini, haipendezi, lakini yapima. Mnunulie na daftari, aandike asubuhi na jioni, daktari ataisoma kurasa kwa kurasa. Pesa ikibaki, mkanunue saa.

Mwingine? Ananiuliza mbona mimi sivai. Navaa, hii hapa, ya kujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Haijui moyo wangu ukoje. Moyo wangu naupeleka kliniki Oktoba hii, inshallah, mke wangu keshaniandikisha.

Yule mama wa mstari wa pili, naona umekuwa ukiificha saa chini ya buibui tangu nilipotaja Ghuba. Njoo mama, usione haya. Ndizi bado ninayo.