Aliyetoka Wodini Bado Anajenga Mapafu

Ndugu wauguzi na maofisa mifugo, mtaniwia radhi nikirudia jambo ambalo wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hapa Moshi: mgonjwa wa mafua makali ya ndege akiruhusiwa kutoka wodini, hajapona bado.

Virusi vya H5N1, vinavyoleta mafua hayo na ambavyo mwaka 1997 viliambukiza watu 18 kule Hong Kong na kuua 6 kati yao, hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, chini kabisa ya mapafu. Ukuta wa kifuko una seli za aina mbili. Zilizo bapa ndizo zinazopitisha hewa. Zile nene hutengeneza ute unaozuia kifuko kisinywee, na ndizo hugawanyika ili kuziba pengo pale zilizo bapa zinapokufa. Virusi hivi hupendelea hizo nene. Tuelewane vizuri hapo: nyumba imeungua, na fundi wa kuijenga upya ameungulia ndani. Mafundi wanapopungua, huku moto wa kinga ukiendelea kuwaka, pengo huzibwa kwa kovu, nalo kovu halipitishi oksijeni ipasavyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza hadi Kibosho mzee mmoja aliyekuwa ameugua nimonia kali. Hayakuwa mafua ya ndege, ila jeraha la mapafu lilikuwa la namna hiyohiyo. Alikuwa amepimwa oksijeni akiwa ameketi kitandani, kifaa kikasoma asilimia 95, akaruhusiwa. Kutoka barabarani hadi kwake ni mwinuko mfupi kando ya mfereji, katikati ya migomba. Alisimama mara tatu, mkono ukiwa umeshika mgomba, na mara ya tatu mkwe wake alipomwamkia alishindwa kuitikia. Nikamvalisha kifaa kidoleni: asilimia 84. Hakuna aliyekuwa amemtembeza kabla ya kumruhusu! Hospitali siitaji, kwa sababu kosa hilo nimelikuta mahali pengi, na nimechoka kulikuta. Dakika 6 za kutembea koridoni, kifaa kikiwa kidoleni, hazihitaji mashine mpya wala bajeti.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini tujisumbue na ugonjwa ambao hajawahi kuuona wodini kwake. Huyo namkumbusha wagonjwa wa UVIKO-19 waliorudi kwetu baada ya miezi wakihema kwa kupanda ngazi: vifuko vilivyoumia ni vilevile.

Kuhusu kinga nitasema kwa ufupi, maana muda umeniishia. Limfosaiti, seli nyeupe za kinga, hupungua sana katika damu, na makrofaji, seli zinazomeza vijidudu na kulinda vifuko, hufa kwa wingi, hivyo bakteria humvamia mgonjwa wakati ndugu zake wanadhani ameshavuka. Miongoni mwa wagonjwa wa H7N9, aina nyingine ya mafua ya ndege, nchini China, wale ambao seli zao za T aina ya CD8, zinazoua seli zilizoambukizwa, ziliitika mapema ndio waliotoka hospitalini mapema. Oseltamivir, dawa ya mafua inayofaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, huzuia virusi kuzaliana, lakini haijengi ukuta uliobomoka.

Ninachoomba kwa wauguzi ni mistari miwili katika fomu ya kumruhusu mgonjwa: oksijeni akiwa ameketi, na oksijeni baada ya kutembea. Nanyi maofisa mifugo, mkimkuta mtu aliyechinja au kuzika kuku waliokufa ghafla naye ana homa, mleteni siku hiyohiyo.