Simu Iliyozima Boma Ng'ombe

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi vijana mliokaa mlangoni kama mnaotaka kutoroka, hamjambo?

Wengi mnanifahamu, mama wa nafaka pale sokoni Mbuyuni. Leo nawasimulia ugonjwa wangu: kutaka kila kitu kipite mkononi mwangu.

Mwaka juzi nilipanda basi kwenda Arusha kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Ni kilomita 80 tu kutoka hapa Moshi. Dukani nilimwacha kitinda mimba wangu. Kabla ya Boma Ng'ombe nilishampigia mara nne. Umefungua? Mizani umeifuta? Mchele wa Mbeya usiuchanganye na wa Chekereni! Tulipofika Boma, simu ikazima. Chaji imekwisha.

Jamani, tumbo lilinisokota hadi Usa River. Tengeru nikashtuliwa na konda: nilikuwa nimesinzia! Mimi, ambaye usingizi wa mchana naujua kwa kuusikia.

Nimelifikiria sana jambo lile. Ukipiga simu ukaambiwa "mambo shwari, mama", moyo unatulia. Mtego uko hapo hapo. Moyo unaamini simu ndiyo iliyoliokoa duka, na kesho unadai upige mara tano. Hofu haipungui, inazoeshwa kulishwa.

Marehemu baba hakuwa hivyo. Kihamba chetu, lile shamba la migomba la nyumbani, kilinyweshwa na mfongo, yaani mfereji unaotoka juu, karibu na msitu, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Siku ya kusafisha mfongo baba alitangulia na jembe: anazoa majani, anaziba ukingo uliobomoka. Zamu yetu ikifika, anafungua maji yaingie migombani, kisha anakaa. Kuna miaka masika yalichelewa, maji yakaja membamba kama uzi. Mama akilalamika, baba anamwambia, "Mfereji nimeusafisha. Huko msituni sina jembe." Nikiwa mtoto nilidhani ni uvivu.

Basi nikarudi Moshi. Kijana amehamisha magunia, maharage yako mbele, mchele nyuma, vibaya kabisa kwa macho yangu. Tena amekopesha madebe mawili ya mahindi kwa mtu ambaye mimi nisingemkopesha hata kiberiti. Sitawadanganya, mtu yule hajamaliza kulipa mpaka leo. Nikafungua mdomo nigombe, kijana akaniwahi: "Mama, hilo deni niachie, ni langu." Na kweli, kila Jumamosi anamfuata mwenyewe. Miaka sita amesimama nami dukani, neno "langu" sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Angelisema saa ngapi, na mimi nimeshika funguo, daftari na kalamu?

Siku hizi Jumatano funguo ni zake. Mimi nashinda nyumbani, simu nimeifukia kabatini chini ya vitenge.

Jumatano iliyopita niliifukua mara mbili tu.