Mvua juu ya mabati: maneno kwa wazazi, Nyalenda, Kisumu

Wazazi wenzangu, akina nyanya na akina baba mliofika, hamjambo. Najua kutoka nyumbani Jumamosi mchana si jambo dogo kwa mtu mwenye mtoto wa usonji kama wangu. Kuna aliyelipia tuktuk nzima peke yake kwa sababu muziki wa matatu humtesa mtoto. Kuna aliyemwacha mtoto kwa jirani na hapa alipo roho haijatulia. Nawaona watoto wetu pale nyuma. Mmoja amelala chini ya benchi, mwingine anazunguka ile nguzo tangu tuanze maombi. Mwacheni azunguke. Leo hakuna mtoto atakayenyamazishwa katika ukumbi huu.

Nianze na mvua. Mnaijua mvua ya Kisumu: mchana jua linachoma, saa kumi mawingu yanakusanyika upande wa milima ya Nandi, jioni inamwagika. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka mitatu alikuwa akianza kulia kabla tone la kwanza halijaanguka. Alikuwa akijikunja, anagonga kichwa ukutani, anajiuma mkono mpaka meno yanaacha alama. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati bila dari. Majirani waliona mtoto anapiga mayowe mbingu zikiwa bado kavu, wakasema ana pepo wa mvua. Shangazi wa mume wangu akaniuliza ni mwiko gani nilivunja, maana kwao hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira ikiingia nyumbani mama ndiye huulizwa kwanza. Mhubiri mmoja alimwekea mikono kichwani, akamkemea yule pepo kwa sauti kubwa karibu na sikio lake. Kwa sauti kubwa, jamani, mtoto ambaye sauti ndiyo iliyokuwa ikimuumiza. Nami nilisimama pale nikiitikia amina.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha mtaalamu mmoja akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, kabla hajaanza kulia, wewe huwa unasikia nini?" Jioni ile nikaketi kando ya mtoto, nikazima redio, nikasikiliza. Upepo. Bati moja lililolegea msumari, likigonga mbao taratibu. Kisha ngurumo ya mbali sana, ambayo ilibidi nishike pumzi ndipo niipate. Yeye alikuwa akiyasikia yote hayo waziwazi, na alijua kinachofuata: ile mvua ya mabati ambayo hata mtu mzima akikuita kutoka chumba cha pili humsikii. Mtoto alikuwa anaogopa kitu cha kweli.

Baba yake akaenda soko la Kibuye akanunua maboksi makubwa na magunia makuukuu. Akayapigilia chini ya mabati pembe ya kitanda, magunia katikati, maboksi chini yake. Tukatundika blanketi kama hema. Tangu hapo, mawingu yakikusanyika, anaingia mle mwenyewe na kijiko chake cha bati anachokipenda, anakizungusha mbele ya macho mpaka mvua ipite. Bado anaziba masikio. Lakini ule mkono ulipona.

Huo ni usonji. Si mtindio wa ubongo, ingawa watu wetu huvichanganya. Mtindio unagusa zaidi misuli na jinsi mwili unavyotembea. Mwenye usonji huzaliwa na ubongo unaopokea dunia kwa namna yake. Mmoja anasikia kupita kiasi, mwingine hasikii maumivu mpaka damu itoke. Mmoja hasemi kabisa, mwingine anakariri tangazo lote la redio lakini hawezi kukuambia ana njaa. Usonji una ndugu zake pia: mtoto asiyeweza kukaa kitako hata kwa dakika tano, mtoto mwenye akili kali ambaye herufi zinamkataa darasani. Hakuna aliyefanywa hivyo na malezi mabaya. Sehemu kubwa hutoka katika urithi wa damu, kama kimo na rangi ya macho.

Siwadharau wazee wetu kwa lile neno chira. Waliona mateso, wakatafuta sababu. Wasomi nao walifanya vivyo hivyo. Mwaka wa 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliokuwa kama wetu. Miaka ikasonga, yeye na wenzake wakaanza kusema wazazi wa watoto hawa ni watu baridi, na ikafika mahali mama akaitwa friji. Wazia mama ambaye hajalala usiku kucha anaambiwa na daktari kwamba mtoto yuko hivi kwa sababu hakumpenda vya kutosha. Mwaka wa 1964 mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo kiko mwilini. Na mwaka wa 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akatamka kwamba wao hawana hatia. Ilichukua miaka 26. Mimi sitaki mama yeyote wa Nyalenda, wa Manyatta au wa Ahero asubiri miaka 26. Mama, huna hatia. Baba, nawe pia. Na kama uliondoka nyumbani kwa sababu ya aibu, mlango haujafungwa.

Nalikazania jambo hili kwa sababu hatia inapofusha. Nilipokuwa nikijichunguza mimi, nikihesabu dhambi zangu za ujana, sikumwangalia mtoto. Lile bati lililolegea lilikuwa likigonga juu ya kichwa changu miaka yote ile.

Kuhusu majina. Zuzu, taahira, kichaa, mjinga. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa jina lisilomdunisha, na kinampa haki ya kufika shuleni. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia mtoto wangu anaharibu darasa, nikambeba nikarudi naye nyumbani nikilia njia nzima, kwa kuwa sikukijua kifungu hicho. Sasa nakijua, na nyinyi mmekisikia. Kabla ya kugombana na shule, mpelekeni mtoto kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, vile vituo vinavyoitwa EARC, vilivyoanza nchini mwaka wa 1984. Bebeni kadi ya kliniki, na andikeni kwenye daftari yale mnayoyaona nyumbani: anakula nini, anaogopa nini, nini humtuliza. Daftari la mama lina mambo ambayo mtaalamu hawezi kuyapata katika nusu saa.

Lakini tathmini haikupikii wala haikulalishi. Mzazi huyu amechoka, na mtu aliyechoka hupiga mtoto kisha akajuta usiku. Kwa hiyo tulikaa akina mama watano tukaanzisha chama, si cha pesa. Tunachanga masaa. Kila Jumamosi mmoja wetu anabaki na watoto wawili zaidi ya wake, wenzake wanapata masaa matatu. Mara ya kwanza zamu ilipokuwa yangu ya kupumzika sikwenda popote. Nilioga polepole, nikala samaki wangu akiwa bado moto, nikalala. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimekula chakula moto kabla ya siku ile. Wakwe, mashemeji, wapendwa wa kanisani: mkitaka kutusaidia, njooni mjifunze mtoto anavyopenda ugali wake usiguswe na mchuzi, mkae naye saa moja. Mawaidha tumeyapata ya kutosha.

Nilikuwa nimepanga kuongea pia kuhusu usingizi, na kuhusu dada na kaka za watoto hawa ambao huwa tunawasahau. Lakini natazama dirishani, na nyinyi mnaona vile upande wa Nandi umekuwa mweusi. Ukumbi huu ni mabati matupu. Wenye watoto wanaoogopa, tokeni kwanza. Vijana wa tuktuk wako langoni. Tutakaobaki tutapanga zamu za Jumamosi ijayo.