Namba Iliyo Ndani ya Tanuri: Ukaguzi wa Hataza za Kutengeneza Kathodi za Betri za Lithiamu

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika. Mliniomba nizungumzie ukaguzi wa hataza, yaani kupima kama uvumbuzi unastahili haki ya pekee ya kisheria, na fani mkaniachia nichague mwenyewe. Nimechagua kathodi ya betri ya lithiamu, tena hasa namna inavyotengenezwa. Maombi ya fani hii yanafanana kama mapacha: metali zile zile, tanuri lile lile, viwango vya joto vinavyopishana kidogo tu. Mwombaji anakuja na namba, na mkaguzi anatakiwa kuamua kama namba ile ni uvumbuzi au ni kuzungusha tu kitasa cha mashine.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipime nao. Namba iliyoandikwa kwenye dai, yaani sentensi inayotaja kile mwombaji anachotaka kilindwe, haina uzito mpaka mwombaji aonyeshe inafanya kazi gani. Na mahali pa kuonyesha hilo ni kwenye mfano linganishi, yaani jaribio ambalo kila kitu kimebaki vilevile isipokuwa hiyo namba. Nimesoma maombi mengi yenye kurasa za maelezo mazuri na mfano linganishi mmoja dhaifu. Hayo ndiyo yanayonisikitisha, kwa sababu mara nyingi kazi ya maabara nyuma yake ilikuwa ya kweli.

Tuanze na nyenzo yenyewe. Kathodi ni upande chanya wa betri. Betri ikichajiwa, lithiamu hutoka ndani ya fuwele za kathodi. Ikitumika, lithiamu hurudi. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, wakiwa Oxford, walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaifanya kazi hiyo kwa volti za juu. Mwaka 1991 Sony ikaingiza sokoni betri zilizotumia nyenzo hiyo. Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Lakini tukio ninalotaka mlishike ni la mwaka 1997, pale kundi la Goodenough huko Texas lilipochapisha kuhusu fosfati ya chuma na lithiamu. Chuma ni rahisi kupatikana, nyenzo ni tulivu kwenye joto, kila kitu kinavutia, ila haipitishi umeme vizuri. Ukiitengeneza kwa chembe kubwa zilizo tupu, unapata uwezo mzuri, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi, pale tu unapochaji na kutumia polepole. Kilichoiokoa ni utengenezaji: chembe zikafanywa ndogo sana, na juu yake likawekwa tabaka jembamba la kaboni. Fomula ya kemikali haikubadilika hata herufi moja. Kwa hiyo anayesema njia ya kutengeneza ni jambo dogo, kwamba uvumbuzi wa kweli ni nyenzo mpya peke yake, ajibiwe kwa mfano huo.

Sasa tuingie kiwandani, maana mkaguzi asiyejua kinachotokea ndani ya tanuri hawezi kupima dai. Chukueni kathodi ya nikeli, kobalti na manganisi. Salfeti za metali hizo tatu huyeyushwa majini, kisha hudondoshwa taratibu kwenye pipa linalokorogwa, pamoja na sodiamu hidroksidi na amonia. Amonia inazishika metali na kuziachia kidogo kidogo, ili mashapo yasishuke yote kwa mkupuo. Hewa huondolewa kwa naitrojeni, kwa sababu manganisi ikikutana na oksijeni mapema huharibu mpangilio. pH, kipimo cha ubesi, hukaa kati ya 10 na 12 hivi, joto karibu nyuzi 50 au 60 za Selsiasi. Kinachopatikana ni hidroksidi, chembe za mviringo zenye upana wa mikromita chache hadi kumi na kitu. Ukizitazama kwenye hadubini ya elektroni unaona kwamba kila duara ni mkusanyiko wa vipande vyembamba vingi vilivyobanana.

Hidroksidi hiyo ndiyo kitangulizi, yaani malighafi itakayogeuzwa kuwa kathodi. Huchanganywa na chumvi ya lithiamu kisha mchanganyiko huchomwa. Hapo ndipo namba zinapoanza kugombaniwa. Nikeli ikiwa nyingi, kwa mfano asilimia 80 ya metali zote, watengenezaji hupendelea hidroksidi ya lithiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 462, kuliko kabonati, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 723. Tena huchoma kwa joto la chini zaidi na kwenye oksijeni. Kwa nini? Ayoni ya lithiamu ina nusu kipenyo cha nanomita 0.076. Ayoni ya nikeli yenye chaji mbili ina nanomita 0.069. Zinakaribiana mno. Joto likizidi, lithiamu hupotea kama mvuke na nikeli hiyo huingia kwenye tabaka ambalo lingekuwa la lithiamu. Ikishakaa pale, inaziba njia. Oksijeni husaidia nikeli ifike kwenye chaji tatu na kubaki mahali pake.

Nimeeleza hayo kirefu kwa makusudi. Mtaalamu wa kawaida wa fani anayajua yote. Mwombaji akija na kudai kwamba amegundua kuwa nikeli ikiongezeka joto lipunguzwe, anadai kitu ambacho kila fundi wa tanuri hili anakijua. Namba yake inaweza kuwa mpya kabisa, haijawahi kuandikwa popote, na bado isiwe na hatua ya uvumbuzi, yaani kitu ambacho mtaalamu huyo asingekifikia kwa urahisi.

Ngoja nitunge dai, tulikague pamoja. "Njia ya kutengeneza nyenzo ya kathodi, ambamo kitangulizi chenye nikeli ya asilimia 80 au zaidi huchanganywa na hidroksidi ya lithiamu, uwiano wa moli za lithiamu kwa metali ukiwa 1.00 hadi 1.10, mchanganyiko huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 ndani ya oksijeni, zao lililopatikana huoshwa kwa maji, kisha huchomwa mara ya pili kwa nyuzi 300 hadi 600."

Kwanza natafuta. Sitafuti kwa maneno peke yake, kwa sababu nyenzo ile ile mmoja huiita oksidi changamani, mwingine nyenzo amilifu ya elektrodi, mwingine anaandika fomula tu. Natafuta kwa alama za uainishaji wa kimataifa: H01M 4/525 kwa oksidi zenye nikeli, kobalti au chuma, H01M 4/505 kwa zenye manganisi, na C01G 53 kwa misombo ya nikeli. Sehemu kubwa ya nyaraka ni za Kijapani, Kichina na Kikorea. Tafsiri ya mashine husaidia, lakini jibu mara nyingi limo kwenye jedwali la mifano, na jedwali linasomeka bila tafsiri. Nawasihi wakaguzi wachanga waanze na majedwali. Tena mkumbuke kwamba maombi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kipaumbele, yaani siku uvumbuzi ulipoombewa hataza mara ya kwanza, kwa hiyo utafutaji wa mapema hauoni kila kitu na lazima urudiwe.

Tuseme nimepata waraka wa zamani wenye hatua zote hadi kuosha, uliochoma kwa nyuzi 750, lakini hauna uchomaji wa pili. Dai ni jipya, hilo halina ubishi. Naulizwa sasa kama lina hatua ya uvumbuzi. Natazama tofauti, ambayo ni uchomaji wa pili, na nauliza inaleta nini. Kuosha kunaondoa mabaki ya lithiamu yaliyo juu ya chembe. Mabaki hayo yana ubesi mkali. Yakiachwa, rojo la kupaka elektrodi huganda kabla halijapakwa, na baadaye gesi huzaliwa ndani ya betri. Lakini maji yenyewe huunyang'anya uso wa chembe lithiamu kidogo na kuuchubua. Mwombaji anasema uchomaji wa pili unauponya uso huo. Kama waraka mwingine wa zamani unasema jambo hilo hilo kwa nyenzo ya aina hiyo hiyo, basi mtaalamu alikuwa na sababu ya kuunganisha mbili hizo, na dai linaanguka, labda liokolewe na namba.

Ndiyo tunarudi kwenye namba. Huko Marekani kuna kesi ya Aller ya mwaka 1955, ambayo haihusu betri lakini inafundisha sana. Waraka wa zamani ulitumia nyuzi 100 na asidi ya asilimia 10. Mwombaji alidai nyuzi 40 hadi 80 na asidi ya asilimia 25 hadi 70. Alinyimwa. Mahakama ilisema kwamba kama masharti ya jumla yanajulikana, kutafuta viwango bora kwa majaribio ya kawaida si uvumbuzi. Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa: mwombaji akionyesha kwamba kiwango chake kinaleta matokeo ya aina nyingine, yasiyotarajiwa, anasikilizwa. Ofisi ya Hataza ya Ulaya, kwa upande wa upya, hukubali kipande kilichochaguliwa ndani ya masafa mapana yanayojulikana ikiwa kipande hicho ni chembamba na kiko mbali vya kutosha na mifano iliyotajwa zamani pamoja na ncha za masafa yale. Lakini upya wa namna hiyo haukupi hatua ya uvumbuzi. Hiyo unaithibitisha peke yake.

Unaithibitishaje? Kwenye ombi letu la kubuni, mwombaji analeta mfano wa kwanza: uchomaji wa pili kwa nyuzi 450, betri imebakiza asilimia 94 ya uwezo wake baada ya mizunguko 50. Mfano linganishi haukuchomwa mara ya pili, umebakiza asilimia 86. Inapendeza. Kisha nasoma maandishi madogo, naona mfano linganishi ulitumia pia uwiano wa lithiamu 1.08 badala ya 1.02, na ukachomwa kwa hewa ya kawaida. Vitu vitatu vimebadilika. Tofauti ya asilimia nane ni ya nani? Hakuna anayeweza kusema, hata mwombaji mwenyewe. Namwandikia kwamba sikubali ulinganisho huo, na ninajua kwamba mahali fulani kuna mtu aliyekaa miezi maabara na sasa anasoma barua yangu kwa uchungu. Lakini hataza inawazuia watu wengine wote kwa miaka 20. Siwezi kuwafungia njia kwa jaribio lisilojibu swali.

Hata kipimo chenyewe kina masharti. Asilimia 94 iliyopimwa kwa nyuzi 25 na kikomo cha volti 4.3 si sawa na asilimia 94 ya nyuzi 45 na volti 4.4. Kasi ya kuchaji ni ipi? Upande wa pili ulikuwa lithiamu tupu au grafiti? Ombi lisilosema hayo limeacha namba yake ikielea.

Halafu kuna upana wa dai. Mwombaji anadai nyuzi 300 hadi 600, mifano yake yote iko kati ya 430 na 470. Je, athari ipo kwenye 300? Ipo kwenye 600? Kama hakuna data wala hoja ya kikemia inayoeleweka, namtaka apunguze. Kwa maoni yangu hapa ndipo wakaguzi wengi wanapolegea, kwa sababu kupinga upana kunahitaji kusoma kila mstari wa jedwali, na kazi mezani ni nyingi.

Suala la maelezo yanayotosheleza nitalipitia haraka. Sheria inadai mtu wa fani aweze kurudia njia bila kuhangaika kupita kiasi. Kwenye kathodi, kinachoachwa mara nyingi ni vitu vidogo: kasi ya kupandisha joto, kasi ya kukoroga, kiasi cha amonia, muda wa kuosha na kiasi cha maji kwa kila kilo. "Kwa muda wa kutosha" si maelezo.

Mtaniuliza: kwa nini basi mtu adai njia, wakati tanuri la mshindani limo nyuma ya ukuta na huwezi kuona nyuzi zake? Ni swali zuri, na ndilo linalowasukuma waombaji kudai zao kupitia vipimo vyake, kama ukubwa wa chembe, kiasi cha mabaki ya lithiamu au uwiano wa vilele viwili kwenye eksirei. Naelewa hofu yao. Lakini kama hatua za waraka wa zamani zingezalisha zao hilo hilo, kulipima kwa kipimo kipya hakulifanyi kuwa jipya. Na hofu yenyewe ina tiba kiasi: mkataba wa TRIPS, yaani mkataba wa kimataifa wa haki miliki zinazohusu biashara, kifungu cha 34, unaruhusu katika hali maalumu mahakama imtake mshtakiwa athibitishe kwamba zao lake lililo sawa na hilo halikutengenezwa kwa njia yenye hataza. Kifungu cha 28 nacho kinaupeleka ulinzi wa njia hadi kwenye zao lililopatikana moja kwa moja kwa njia hiyo.

La mwisho ni kwa watafiti mliomo humu ukumbini. Ombi likishawasilishwa, huruhusiwi kuongeza kitu ambacho hakikuwemo. Kwenye Mkataba wa Hataza wa Ulaya ni kifungu cha 123, aya ya pili, na mifumo mingine ina sharti la aina hiyo. Ikiwa uliandika nyuzi 300 hadi 600 bila ngazi za kati, mkaguzi akikubana huna pa kurudi. Andikeni tangu mwanzo: 300 hadi 600, afadhali 400 hadi 500, afadhali zaidi 430 hadi 470, na kwa kila ngazi wekeni mfano wake na mfano linganishi uliobadilisha kitu kimoja tu. Matokeo ya majaribio ya ziada mnaweza kuyatuma baadaye kutetea athari ambayo ombi lilishaieleza, na mara nyingi tunayapokea. Ngazi ya joto ambayo haikuandikwa siku ya kwanza hatuwezi kuipokea.

Nimemaliza yangu. Karibuni kwa maswali, na wenye majedwali yao wayalete mbele tuyasome.