Miwani ya Sikukuu na Safari ya Kwenda Kilema

MAMA IMANI: Karibuni tena wapendwa. Mimi Mama Imani, na mwenzangu mnamjua.

BABA NASRA: Baba Nasra hapa, wa Temeke, hajahama. Leo tuliwaahidi mambo matano ya kufanya ili mtoto mdogo aifurahie Krismasi hapa Dar. Nimeyaandika, karatasi hii hapa mezani. Ila kabla sijaanza, Mama Imani, wasikilizaji hawakuoni. Waambie una nini kichwani.

MAMA IMANI: Miwani.

BABA NASRA: Miwani ya nani?

MAMA IMANI: Ya Imani. Kaniazima. Asubuhi natoka kaja mlangoni, kaivua mwenyewe, kanivisha, kaniambia, "Mama, uende nayo kazini, halafu urudi nayo." Sasa mtoto ambaye tangu Jumamosi haivui hata akilala, akikuazima, utaiacha nyumbani?

BABA NASRA: Hapo huna ujanja. Ni ya pinki, jamani. Vioo vyekundu. Pembeni ina kiua.

MAMA IMANI: Jumamosi tulikwenda Kariakoo, mimi na yeye, kumtafutia nguo za sikukuu. Tuliwahi asubuhi, jua halijachachamaa. Nilimshika mkono tangu tunashuka kwenye daladala mpaka tunapanda ya kurudi. Mtaa wa Kongo wiki hii unaujua wewe.

BABA NASRA: Hapapitiki.

MAMA IMANI: Magauni yametundikwa kwenye fimbo, vijana wanaimba, "Sikukuu hiyooo! Mtoto apendeze, mama!" Nikapata gauni zuri jeupe, lina mkanda mwekundu. Nikapata na viatu vile vinavyowaka taa akikanyaga. Nikasema leo huyu mtoto atarukaruka kwa furaha. Wala hakuvitazama. Alikuwa kamganda machinga mmoja kashika boksi la sponji, limechomekwa miwani ya plastiki juu mpaka chini, za rangi zote. Buku moja.

BABA NASRA: Gauni shilingi ngapi?

MAMA IMANI: Tusiseme.

BABA NASRA: [anacheka] Na mtoto kachagua ya buku!

MAMA IMANI: Kachagua, kavaa palepale, kaangalia juu akasema, "Mama, jua limeiva." Nilisimama katikati ya Mtaa wa Kongo watu wananipiga vikumbo, mimi namtazama tu. Kwa sababu nilikumbuka na mimi niliwahi kuwa nayo hiyo miwani. Ilikuwa ya kijani.

BABA NASRA: Nani hakuwa nayo? Mimi yangu ilikuja na saa. Ile saa ya plastiki, mishale imechorwa, siku nzima ni saa nne na dakika kumi. Idd ile nilikuwa nawasimamisha wakubwa njiani, "Niulizeni saa ngapi." Na filimbi shingoni. Baba akatupeleka Mnazi Mmoja kwenye bembea, kisha studio kupiga picha.

MAMA IMANI: Studio yenye pazia la ndege.

BABA NASRA: Yetu ilikuwa na bahari na mnazi. Sisi tunaishi Dar es Salaam, bahari ipo, lakini tumelipa kupiga picha na bahari ya kuchorwa. Na fundi picha akasema, "Mtoto avue miwani, mwanga unarudi." Nililia mpaka nikaachiwa. Picha ipo kwa mama yangu mpaka leo, sura haionekani, miwani tu.

MAMA IMANI: Hiyo picha ulete.

BABA NASRA: Nitaleta. Na wasikilizaji nao walete. Kama una picha yako ya sikukuu na miwani, ya Idd au ya Krismasi, tutumie. Haya, jambo la kwanza kwenye karatasi...

MAMA IMANI: Subiri, sijamaliza. Ile miwani ina ule mshono wa plastiki katikati, pale inapokaa puani. Unakwaruza. Jumamosi jioni nikaona pua ya mtoto imekuwa nyekundu, nikamwomba aivue, hataki. Ikabidi ningoje apitiwe na usingizi, nikachukua msasa wa kucha, nikaketi kitandani nausugua ule mshono taratibu, napuliza vumbi, najaribu kwa kidole, nasugua tena. Baba Imani anaingia ananikuta na tochi ya simu, anauliza, "Unafanya nini?" Namwambia, "Naandaa Krismasi."

BABA NASRA: Hilo ningeliweka kuwa jambo la kwanza. Wazazi, kasugueni miwani.

MAMA IMANI: Na mikono ile, zile bawaba zake zina ncha, tazameni. Mtoto akianguka nayo usoni ni hatari.

BABA NASRA: Na pilau?

MAMA IMANI: Nani kakwambia habari ya pilau?

BABA NASRA: Baba Imani.

MAMA IMANI: Jumapili kakaa mezani na miwani, kaitazama sahani, kaisukuma. "Mama, pilau imeungua." Kila kitu chekundu! Nikamwambia ivue uone. Akasema hapana, pika nyingine.

BABA NASRA: [anacheka sana] Pika nyingine!

MAMA IMANI: Na kanisani vilevile. Parokiani wameanza kutengeneza pango, wameweka nyasi na kondoo, ila Mtoto Yesu bado, atawekwa usiku wa mkesha. Imani kapiga magoti na miwani yake, kachungulia, kamuuliza katekista, "Mtoto yuko wapi?" Katekista akamjibu vizuri tu, "Bado yuko safarini, anakuja tarehe 24 usiku." Sasa kila siku ananiuliza kafika wapi. Jana nimemwambia kafika Chalinze.

BABA NASRA: Kwa foleni ya wiki hii, kesho utamkuta palepale Chalinze. Lakini umenifikisha ninapopataka. Safari. Nyie mnaenda lini Kilema, kule Moshi kwa bibi yake Imani?

MAMA IMANI: Hatuendi. Mwaka huu tunabaki Dar.

BABA NASRA: Hee!

MAMA IMANI: Usishtuke, tumeshakubaliana na mwenzangu.

BABA NASRA: Mchagga anabaki Dar Desemba? Nani atawahesabu? Bibi yake Imani anajua?

MAMA IMANI: Anajua. Hajafurahi.

BABA NASRA: Hawezi kufurahi. Mimi nisiyehusika sijafurahi. Mtoto ana bibi mzima, ana babu, kuna kihamba, shamba la ukoo, kuna migomba, kuna mbuzi keshatengwa...

MAMA IMANI: Mbuzi nani kakwambia?

BABA NASRA: Baba Imani.

MAMA IMANI: Baba Imani anaongea sana wiki hii. Sikiliza, kaka yangu. Mimi nimezaliwa Sinza. Lakini kila Desemba ya utoto wangu niliamshwa usiku, nikapakiwa kwenye basi kwenda kwa bibi yangu Kibosho, kulekule Moshi. Zaidi ya kilomita 500. Nilipakatwa, miguu inakufa ganzi, natapika kwenye mfuko, tunafika giza limeingia. Kibosho kulikuwa kuzuri, sikatai. Mtori wa bibi, baridi ya asubuhi, binamu wamejaa nyumba. Lakini ukiniuliza Krismasi ya Sinza, mtaa niliokulia, sina hata moja. Marafiki zangu wa mtaani walikuwa wanasimuliana Januari, mimi nasikiliza. Mwanangu yuko chekechea Dar, rafiki zake wako Dar. Nataka walau Krismasi moja aione kwenye mlango wake mwenyewe.

BABA NASRA: Ataiona akikua.

MAMA IMANI: Akikua hatataka tena miwani ya buku! Wakati wake ni huu, ana miaka 4.

BABA NASRA: Hapo ndipo nakupinga. Mtaa hauhami. Bibi ana umri gani?

MAMA IMANI: Usinifanyie hivyo.

BABA NASRA: Nauliza kwa nia njema. Mimi sina pa kwenda Desemba. Wazee wangu wote ni wa hapahapa, nikiulizwa kwetu naonyesha Temeke. Utotoni Desemba ikifika nilikuwa naona wenzangu wanabeba mabegi, wanarudi na ndizi, na hadithi za mlima, wanaongea Kichagga cha kubahatisha. Mimi nilikuwa nalia kwa mama, "Na sisi twende kwetu." Mama anasema, "Kwetu ndiyo hapa." Kwa hiyo nikiona mtu ana pa kwenda na hampeleki mtoto, inaniuma. Na usafiri wa siku hizi si ule wa mfuko wa kutapikia. Hata treni ya Moshi ilirudi tangu Desemba 2019.

MAMA IMANI: Treni napenda. Lakini nauli ya wote watatu, zawadi za ukoo mzima, na Januari ada inanisubiri mlangoni. Na wewe unaililia safari kwa sababu hukuipata, mimi naililia Sinza kwa sababu sikuipata.

BABA NASRA: Tofauti ni kwamba Sinza haizeeki.

MAMA IMANI: Inazeeka! Nyumba tuliyokulia imekuwa baa. Majirani wa utoto wangu nusu wamehama. Mtaa nao unaondoka, Baba Nasra.

BABA NASRA: Sikubali.

MAMA IMANI: Usikubali.

BABA NASRA: [kimya kidogo] Haya. Sasa ukibaki utamfanyia nini? Maana wengi wanabaki na mtoto anaishia kuangalia katuni siku nzima.

MAMA IMANI: Dar ya Krismasi ni tamu, nyie wa Temeke mnaijua. Ikifika tarehe 23 mji umepumua. Barabara nyeupe. Tarehe 24 mchana nampeleka Kigamboni kwa kivuko. Twende, turudi. Kwa mtoto mdogo kivuko ni sikukuu kamili, anaona meli, anaona maji yanavyochemka nyuma, na mkirudi kutoka upande wa Kigamboni mnauona mji wote mbele yenu, kanisa la Azania Front na mnara wake, St. Joseph kando. St. Joseph Wajerumani walianza kuujenga 1897, ukaisha 1902, na mpaka leo, pamoja na maghorofa yote yale, ukiwa majini jicho linauona. Halafu tunaingia humohumo kuona pango lao.

BABA NASRA: Akaulize Mtoto kafika wapi.

MAMA IMANI: Atauliza tu. Na tarehe 25, baada ya misa, ni mlangoni. Nguo mpya, zulia barazani, majirani. Sahani zitembee.

BABA NASRA: Sahani za Krismasi tunazingoja na sisi! Kwetu Idd tunapeleka, Krismasi tunapokea, na sahani hairudi tupu. Nasra wangu ndiye anayebeba, anapita nyumba nne, kila nyumba anapewa mia tano ya sikukuu, anarudi tajiri. Na Coco Beach je?

MAMA IMANI: Siku yenyewe? Hapana. Nitampeleka tarehe 27 asubuhi, ale muhogo wake wa kukaanga na chachandu, arudi. Tarehe 25 na 26 pale mtoto akikuponyoka, utampatia wapi? Na nyumbani kwangu hakuna disko toto. Sijali nani kaweka bango.

BABA NASRA: Hapo tuko pamoja, na niseme bila kucheka. Tabora, 2008, siku ya Idd el Fitri, watoto walifia ukumbini kwa kusongamana na kukosa hewa. Walikuwa wamevaa nguo zao mpya. Tangu hapo kila sikukuu polisi wanapiga marufuku disko toto, na kila sikukuu kuna mtu anakodi ukumbi kimyakimya. Mzazi, usimpeleke. Mtoto akitaka kucheza muziki, fungulia spika barazani.

MAMA IMANI: Na ukimpeleka popote penye watu, mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, sehemu ya ndani, hapa. Mtoto wa miaka 4 anajua wewe ni Mama. Jina lako halijui.

BABA NASRA: Ninaonyeshwa kidole kule, dakika mbili. Na karatasi yangu bado iko kama nilivyokuja nayo! Jambo la kwanza lilikuwa bajeti.

MAMA IMANI: Bajeti hatuiwezi kwa dakika mbili.

BABA NASRA: La pili, maji. Joto hili, mtoto anywe maji, soda zisimjaze. La tatu... la tatu ni refu. Basi, tuache, nitawasomea wiki ijayo.

MAMA IMANI: Wiki ijayo Krismasi imepita.

BABA NASRA: Basi wayatumie Pasaka. Ila hujanijibu. Bibi umemwambia nini hasa?

MAMA IMANI: Nimemwambia mwaka huu hatuji, yeye aje. Nimtumie nauli.

BABA NASRA: Akasema?

MAMA IMANI: Akasema ng'ombe watabaki na nani.

BABA NASRA: Umeona? Nendeni.

MAMA IMANI: Hatuendi. Kesho nampigia tena, nimwombe aje hata baada ya mwaka mpya.

BABA NASRA: Ukimpigia, muulize na mbuzi.

MAMA IMANI: Nitamuuliza. Sikukuu njema, wapendwa, mlioko njiani mwende salama.

BABA NASRA: Na mlio Mbezi stendi mnatusikiliza, kama kuna siti tatu za Moshi...

MAMA IMANI: Baba Nasra!