Nyumba imeingia maji: jina lako liingie vipi kwenye orodha ya maafa

Assalamu alaykum mtazamaji. Video hii ni kwa mtu aliyeingiliwa na maji ya masika ndani, au upepo umemuondolea paa, awe Unguja au Pemba. Tunakwenda nayo tangu maji yakiwa bado uani mpaka unatia saini ya kupokea.

Kabla ya hatua yoyote, tuweke sawa neno moja. Wengi huenda kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia yao, wakidai fidia. Fidia ni malipo ya kisheria, kwa mfano Serikali ikichukua kiwanja chako kupitisha barabara. Kwenye maafa kinachotolewa ni msaada, na msaada hufuata tathmini na kile kilichopo: mchele, magodoro, mablanketi, mabati, saruji, na mara nyengine fedha. Usiufananishe na thamani ya ulichopoteza. Kazi yako ni jina lako na hasara yako viingie kwenye orodha ya shehia, vikiwa sahihi, kabla orodha haijapanda wilayani.

Haya, maji yameshapungua. Usikimbilie ndani. Ikiwa boksi la umeme limerowa, usiliguse, piga simu ZECO, shirika la umeme. Tizama na kuta: nyumba ya mawe na udongo inaweza kuanguka hata baada ya maji kuondoka, kwa sababu udongo uliolowa haushiki tena mawe. Ukuta ukiwa umetoa tumbo, piga picha ukiwa nje.

Sasa picha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanasafisha kwanza. Tunajua, matope yananuka na mikono inawasha kushika fagio. Lakini mtathmini akija siku ya nne akakuta sakafu inang'aa, ataandika alichokiona. Toa watoto na vitu vinavyookoleka, vyengine viache kama vilivyo mpaka upige picha ya mbele ya nyumba ikionekana pamoja na jirani, kila chumba kutokea mlangoni, na vitu vilivyoharibika vikiwa pale pale vilipo.

Angalia hapa, alama ya maji ukutani. Ikikauka hufifia, na ukipiga chokaa imekwenda. Chora mstari kwa mkaa, weka futi ya kupimia kutoka sakafuni, piga picha namba zikisomeka. Andika "maji sentimita 70". Watu husema "yalifika magotini", lakini magoti ya nani?

Paa nalo lihesabiwe. "Paa lote limekwenda" haimsaidii mtathmini. Sema hivi: mabati 14 ya futi 10 yameondoka, 6 yamepinda lakini yanarudishika, mbao 5 zimevunjika. Ukuta ulioanguka upime urefu na kimo kwa mita. Choo na kisima visisahaulike. Karo likifurika, maji ya kisima cha jirani nayo si ya kunywa, na hilo sheha anatakiwa alijue mapema.

Kama hasara iko shamba, hesabu miti. Mkarafuu uliong'oka na mizizi uandike peke yake, uliokatika tawi peke yake, maana wa pili bado utazaa. Migomba hesabu mashina. Taarifa hiyo mpe sheha, na nakala mpelekee bwana shamba wa wilaya. Mvuvi aandike chombo, mashine na nyavu, na atafute karatasi ya usajili wa chombo. Mkulima wa mwani ahesabu kamba zilizochukuliwa na maji.

Hatua inayofuata ni kwa sheha, siku ile ile au kesho yake asubuhi. Usingoje aje mwenyewe. Mvua iliyokupiga wewe imepiga mtaa mzima, na mtu wa Sebleni au Mwanakwerekwe, mitaa ya Unguja inayojaa maji, hahitaji kuelezwa hilo. Nenda na karatasi mbili zilizoandikwa sawasawa, moja ya kumuachia, moja yako. Ziwe na jina lako, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, namba ya simu, idadi ya watu wanaolala humo na umri wao, na ile hesabu ya hasara. Mgonjwa, mjamzito, mzee asiyejiweza, mtoto mchanga au mwenye ulemavu atajwe waziwazi, kwa kuwa hao ndio wa kuangaliwa mwanzo kwenye magodoro na hifadhi.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kitambulisho kinasema Mohamed, orodha inasema Mudi. Siku ya kupokea unarudishwa. Kitambulisho kikichukuliwa na maji, ripoti upotevu polisi, kisha nenda ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, wanaotoa vitambulisho hivyo, na mwambie sheha kwamba unashughulikia.

Jengine linalozua ugomvi: mpangaji na mwenye nyumba. Mpangaji anaandika vitu vyake na watu wake. Mwenye nyumba anaandika jengo. Wakiandika wote jengo, mmoja atafutwa, na huenda akafutwa yule aliyelala nje. Familia mbili chini ya paa moja, kila moja na jiko lake, zijieleze hivyo tangu mwanzo.

Baadaye watakuja watu wa tathmini, wa wilaya na wa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, ile inayofanya kazi chini ya Sheria Nam. 1 ya mwaka 2015. Awepo mtu mzima nyumbani. Waonyeshe picha, kisha omba usomewe walichoandika kabla ya kutia saini. Na usiongeze chumvi. Ukiandika mabati 40 kwenye nyumba ya vyumba viwili, watashuku hata lile godoro la kweli.

Siku ya kupokea nenda mwenyewe na kitambulisho. Kama ni fedha kwa simu, laini iwe imesajiliwa kwa jina lako; laini ya mwanao italeta masuala. Kama ni vitu, hesabu kwanza, saini baadaye, na saini kwa ulichopewa tu. Hakuna ada ya kuingizwa kwenye orodha wala "nauli ya fomu". Anayekudai anakula rushwa, na pa kumpeleka ni ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar.

Ikiwa orodha imetoka na jina halimo, rudi kwa sheha na ile karatasi yako, uliza kwa utulivu limekatikia wapi: kwake au wilayani. Likiwa limekatikia wilayani, muandikie Mkuu wa Wilaya, nakala kwa Kamisheni, ambatanisha picha na barua ya sheha. Walioko Pemba hawana haja ya kupanda boti, Kamisheni ina ofisi huko. Unapokabidhi barua, omba nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Bila ya muhuri huo, wiki ya tatu utaambiwa hukuwahi kufika.