Fedha za Ustawi wa Jamii Ziko Ndani ya Fedha za Afya

Shikamooni walimu wangu mliokaa mbele. Na nyie vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo.

Najua wengi mmekuja na kalamu mkisubiri orodha ya wafadhili wa utafiti. Nitaitaja, lakini upesi, maana orodha kila mtu anayo kwenye simu. Kinachowakwamisha wenzetu wa ustawi wa jamii ni kungoja tangazo la ruzuku lililoandikwa jina lao. Tangazo hilo ni nadra. Fedha zao ziko ndani ya fedha za afya, na huzipata mwenye swali ambalo daktari peke yake hawezi kulijibu.

Chukueni wilaya ya Kongwa, hapo jirani mkoani Dodoma. Tangu miaka ya 1980 Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzake, Watanzania wakiwemo, wamechunguza trakoma katika vijiji vile. Ni ugonjwa wa macho, kwa hiyo ungetegemea kila senti iende kwenye dawa. Wao wakaingia hadi jikoni kwa Wagogo: maji yakishafika nyumbani, nani anaamua yatumike kwa lipi? Mama ana sauti gani, baba je? Mwaka 1995 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Vijiji sita vyote vilipewa dawa ya macho, na vitatu kati yake vikaongezewa kampeni kali ya kunawisha watoto nyuso. Huko trakoma kali ikapungua zaidi. Swali la nani anaamua juu ya maji ni la ustawi wa jamii kabisa, na limeingia kwa mlango wa macho.

Sasa njooni Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Mgonjwa akiruhusiwa kurudi Chemba au Mpwapwa, nani anampokea? Nani anaacha shamba la alizeti wakati wa palizi ili akae naye? Dawa zikiisha, nauli inatoka wapi? Hilo ni andiko la kuombea fedha, na sioni foleni ya watu wanaoliandika.

Wafadhili, basi. COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, hutoa ruzuku za ndani kila fedha zinapopatikana. Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, hupokea maombi ya watafiti waliopo katika nchi kama yetu. NIHR, taasisi ya utafiti wa afya ya Uingereza pia, hulipia afya ya kimataifa kwa fedha za misaada, na malezi na matunzo ni sehemu ya kazi yake. TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki iliyoanzishwa 1975 chini ya WHO, inapenda utafiti wa utekelezaji, yaani namna huduma inavyowafikia watu. EDCTP, ushirikiano wa Ulaya na Afrika, ni ya magonjwa ya kuambukiza. Mtu wa afya ya akili asijichoshe huko. Na kwa Marekani, tahadhari: mwaka 2025 NIH, taasisi ya serikali yao ya utafiti wa afya, ilisitisha utaratibu wa taasisi za kwao kuzigawia ruzuku taasisi za nje. Aliyetegemea mshirika mmoja wa huko alibaki mikono mitupu.

Bajeti ndiyo inayoua maandiko mengi ninayoyasoma. Nadharia imepangwa vizuri, halafu unakutana na mstari mmoja: "usafiri na mengineyo". Mengineyo yapi? Vunjeni. Pikipiki kutoka Mpwapwa mjini hadi kijijini, na bei yake masika, maana kuna mito inayokata njia. Posho ya mwenyeji atakayewatembeza. Kutafsiri dodoso kwa Kigogo, kisha kulijaribu kabla ya kazi. Vifurushi vya intaneti vya vishikwambi. Fidia ya muda wa huyo mama anayemtunza mgonjwa, ambaye saa mbili za mahojiano ni kibarua alichokosa. Na mhasibu wa chuo aone bajeti kabla ya mfadhili, kwa sababu taratibu za manunuzi ni zake, si zenu.

Vibali navyo vina kalenda yake. Kibali cha maadili cha taifa kinapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kisha kuna barua za TAMISEMI, mkoa na halmashauri. Mwenzenu wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH. Pangeni miezi hiyo ndani ya mradi, kabla ya dodoso la kwanza. Mkiikosa, mfadhili atakuwa anadai ripoti nanyi bado mmekaa kwenye benchi la halmashauri mkisubiri muhuri.